Mwalimu Loisi na Swali la Ng'ombe Arobaini

Mwalimu Loisi alikuwa mrefu, mwembamba, na mkali wa aina ile isiyopiga kelele. Alifundisha hesabu katika shule ya kati ya wasichana, shule ya misheni yenye mabweni, mashariki ya mji wa Dodoma ukielekea Ihumwa. Tulikuwa karibu na reli kiasi kwamba moshi wa treni ulichafua shuka zetu tulizoanika, na tukazifua tena bila kulalamika, maana wa kumlalamikia hakuwapo.

Hakuwa mwenyeji wa Ugogo. Baba yake alikuwa mshika bendera kwenye stesheni ndogo upande wa Kilosa, naye alilelewa katika nyumba za reli, ambako watu wa makabila mbalimbali waliishi ukuta kwa ukuta na mfugo pekee uliofugika ulikuwa kuku. Kuhesabu alijifunzia kwenye mabehewa. Treni ya mizigo ikipita wakati wa somo hakushindana nayo. Alinyamaza, akaiacha ipite, kisha akauliza mabehewa yalikuwa mangapi. Aliyejibu "kama ishirini hivi" alibaki amesimama hadi kengele ilipolia. "Kama" na "hivi" hayakuwa maneno ya hesabu kwake, na nadhani hayakuwa maneno ya kitu chochote.

Mumewe alikuwa karani wa mizigo. Alifariki kwa kichomi akamwachia mtoto mmoja, Anyesi. Mama na binti waliishi katika nyumba ya mwalimu nyuma ya jiko la shule, na Anyesi kila asubuhi alikwenda kwa miguu kusoma shule ya mjini, iliyoishia darasa la nne. Alikuwa mtoto mwepesi wa akili na mwenye majibu. Sisi tulipokuja kumjua tulimpenda, ingawa hatukuwa na haki sana ya kumpenda, kama nitakavyoeleza.

Mimi ni Ruthu. Naandika habari za mwalimu huyu kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisema alikuwa na moyo wa jiwe. Wanaosema hivyo ni wale aliowasimamisha hadi kengele ikalia, na hawakuwapo ofisini siku ninayotaka kuieleza. Mimi nilikuwapo.

Siku zile za Mwingereza, kutoka darasa la nne kwenda la tano ilikuwa kama kupita kwenye tundu la sindano. Vitanda vya shule yetu vilikuwa vichache, na wasichana wa kuvitaka walikuwa wengi kuliko wakubwa walivyodhani. Zamani wote walifanya mtihani mmoja, wakachukuliwa wa juu, basi. Matokeo yake mabweni yalijaa watoto wa makarani, wa wauguzi na wa makatekista. Msichana wa kijijini alikuwa akionekana mmojammoja, na wenzake wakimwangalia alivyoshika kijiko.

Haikuwa ajabu. Shule ya kijijini kwetu Chisewa, nilikoanzia masomo, ilikuwa chumba kimoja na mwalimu mmoja, Mwalimu Silvano, aliyefundisha madarasa yote manne kwa zamu, huku la kwanza likiimba na la nne likijaribu kuzidisha. Kiangazi kikikaza, wasichana tulikwenda mtoni kuchimba maji mchangani, na kabla ndoo haijajaa siku ya masomo imekwisha. Kugawanya kwa tarakimu mbili tulikuwa tumekusikia tu, jinsi mtu anavyosikia habari za bahari.

Mwaka wa hamsini na tano baraza la wenyeji likasema sasa imetosha. Watu wa kila kijiji walikuwa wanalipa kodi, wakauliza kwa nini shule iwe ya watu wa mjini. Ukaja utaratibu mpya: kila shule ingetoa wasichana wake wawili walio bora, wawe na alama zozote zile. Chisewa wawili. Shule ya mjini nayo wawili, pamoja na wingi wa watoto wake.

Kabla utaratibu haujaanza uliitishwa mkutano kanisani, wazazi na walimu na wajumbe wa baraza. Baba yangu alikuwapo, akatusimulia nyumbani kwa mikono na miguu. Alisema mwalimu mmoja mwanamke, mrefu, alisimama akanyoosha kidole kama anaandika ubaoni.

"Sikipingi kijiji chochote," Mwalimu Loisi alisema. "Nauliza jambo moja. Msichana ambaye hawezi kugawanya, mimi nitamfundisha sehemu kwa njia gani? Darasa la tano halimsubiri mtu. Atakaa nyuma, hataelewa, ataona aibu, na mwisho wa mwaka atarudi kwao akisema shule ilimshinda. Huko si kumsaidia."

Akasimama Mzee Yotham, mjumbe wa baraza wa upande wetu, mtu wa maneno ya kuchoma aliyesema polepole ili yachome zaidi.

"Mama Anyesi, umesema kweli tupu. Watoto wetu hawajui kugawanya. Lakini watajulia wapi, kisimani? Tukingoja wajue kwanza ndipo waingie, tutangoja mpaka wajukuu." Akaacha watu wacheke. "Halafu mama, tuambiane ukweli. Wewe una binti darasa la nne pale mjini. Naye nasikia ni wa tatu."

Ilikuwa kweli. Anyesi alikuwa wa tatu darasani kwake. Kwa utaratibu wa zamani angeingia bila wasiwasi, kwa utaratibu mpya alikuwa nje. Na umri wake ulikuwa umefika ukingoni, mwaka wa pili asingeruhusiwa kujaribu tena. Mwalimu Loisi akajibu kwamba hesabu aliyoieleza haibadiliki kwa sababu ana mtoto. Jibu lilikuwa sahihi, na hakuna aliyelisadiki. Kuanzia siku ile kila alipotaja hesabu watu walisikia Anyesi.

Mkuu wetu wa shule alikuwa Misi Penrose, Mwingereza mpole aliyependa kuwaridhisha wote na hivyo akawa anawaudhi wote. Alipoona mabishano hayaishi, alitafuta njia ya katikati. Wasichana wa vijijini wataingia, akasema, lakini mwisho wa muhula wa kwanza darasa zima la tano litafanya mtihani wa hesabu. Atakayeshindwa kufikisha nusu ya alama atarudi kwao, na nafasi yake ataipata msichana wa akiba. Wa kwanza katika wale wa akiba alikuwa Anyesi. Mwalimu Loisi aliomba mtu mwingine atunge mtihani huo na kuusahihisha. Misi akamwambia hakuna mwalimu mwingine wa hesabu, na hilo nalo lilikuwa kweli.

Kwa hiyo tuliingia darasani tukijua kila kitu. Mabwenini hakuna siri. Tulijua kwamba mwalimu anayetufundisha ana mtoto anayengoja mmoja wetu aanguke, na mtoto mwenyewe tulimwona kila jioni akiteka maji kwenye bomba la jiko. Nyumbani kwetu, kwa upande wangu, kulikuwa na mtu aliyekwisha kuleta habari za posa kwa baba, na baba alikuwa amemjibu kwamba tungoje tuone mambo ya shule. Nikirudi, mambo ya shule yangekuwa yameonekana.

Nilimngoja Mwalimu Loisi atuonee. Nilitaka hata atuonee, nipate sababu ya kumchukia. Hakutuonea. Alifundisha kama siku zote, kavukavu, na tulipokosea alitusimamisha sawasawa na wa mjini.

Mtihani ukafika. Maswali mengine yalikuwa ya kawaida, kujumlisha na kutoa, na nilijikongoja nayo, mengine nikapata, mengine nikakosa. La mwisho lilikuwa na alama nyingi kuliko yote kwa kuwa lilikuwa na vipande vitatu. Nalikumbuka neno kwa neno. Mzee ana ng'ombe arobaini. Amepeleka kumi na watano kwa rafiki yake. Sasa ana ng'ombe wangapi? Akiwagawia wanawe watano sawasawa, kila mmoja atapata wangapi? Kila mwana akiuza mmoja mnadani, kwa jumla watabaki wangapi?

Nilifurahi kuliona. Ndilo swali pekee katika mtihani wote lililokuwa na habari za kwetu. Nikaandika: arobaini, wanane, thelathini na watano. Nikaweka kalamu chini nikijiona msomi.

Siku mbili baadaye nikaitwa ofisini pamoja na wenzangu wawili wa vijijini. Misi alikuwa nyuma ya meza, Mwalimu Loisi amesimama dirishani na karatasi zetu mkononi. Tukapiga goti, tukasema shikamoo. Misi akatuambia kwa upole kwamba sisi watatu hatukufikisha nusu. Mwenzangu mmoja akaanza kulia hapo hapo. Mimi sikulia, nikamfikiria yule mtu aliyeleta habari kwa baba.

"Ngoja kwanza, Misi," Mwalimu Loisi akasema. "Kuna jambo silielewi hapa. Wasichana wote wa vijijini wamekosa swali la mwisho, na wote wamelikosa kwa namna moja. Ningesema wametazamiana, lakini hawakukaa pamoja. Huyu Sidonia hapa alikaa peke yake mlangoni." Akanigeukia. "Ruthu. Arobaini ukitoa kumi na tano ni ngapi?"

"Ishirini na tano, Mwalimu."

"Mbona umeandika arobaini?"

"Kwa sababu hakutoa, Mwalimu. Amepeleka kwa rafiki yake."

Akanitazama. Nikadhani nimemkosea adabu, nikainamisha kichwa. Misi akasaidia. "Lakini Ruthu, zizini mwake sasa wako ishirini na watano."

"Ndiyo, Misi."

"Basi ana ishirini na watano."

"Hapana, Misi. Ana arobaini. Wengine wako kwa rafiki."

Ilikuwa sawa na kuulizwa kwa nini maji yanalowesha. Kwetu hakuna mtu mwenye akili anayeweka ng'ombe wake wote zizi moja. Mvua hunyesha hapa ikaruka pale, na ugonjwa ukiingia zizini unafagia. Kwa hiyo mtu huwatawanya kwa rafiki na mashemeji, na ukitaka kujua mali yake hutahesabu zizi lake peke yake, labda kama unataka kumtukana.

"Huyo rafiki anapata nini?" Mwalimu Loisi aliuliza.

"Maziwa, Mwalimu. Na samadi."

"Na ndama wakizaliwa?"

"Wa Mzee."

"Ng'ombe akifa huko?"

"Rafiki atamletea Mzee ngozi, aone kwamba kweli amekufa."

"Na kwenye kugawa. Umewagawia wana ng'ombe arobaini wote, hata wasiokuwapo zizini."

"Ukigawa wale wa zizini tu, Mwalimu, wana watauliza wengine wako wapi. Kutakuwa na ugomvi."

Misi alicheka kwa wema, akasema ni jambo zuri sana la kujifunza. Mwalimu Loisi hakucheka. Alikuwa akiitazama karatasi yangu, na naamini alikuwa akiangalia arobaini nilivyoigawa kwa tano na wanane waliotoka, kazi safi isiyo na doa. Akatuambia tukasubiri nje.

Tulisubiri barazani, chini ya dirisha lililokuwa wazi kwa sababu ya joto. Sikuziba masikio, na sitaki mtu aniambie angeyaziba.

"Ni habari ya kupendeza, Loisi," Misi alisema. "Lakini jibu uliliandika wewe mwenyewe, nami nikalipitisha. Watu wote wameambiwa nusu ni nusu. Watatu hawa wakirudi, wa akiba wanaingia, na wa kwanza ni Anyesi. Hakuna atakayekulaumu. Ulisema tangu mwanzo kwamba hawako tayari."

"Na bado nasema. Hawako tayari. Ukinipa mwingine kama Ruthu mwakani nitasema hivyo hivyo. Lakini swali hili ni langu na ni bovu. Nimeandika amepeleka, sikuandika ameuza. Hawa wamejibu nilichoandika."

"Na wale wa mjini waliojibu ishirini na tano?"

"Wamejibu nilichofikiria. Wape na wao."

"Ukisahihisha hivyo, hakuna anayerudi."

"Najua."

Kisha Misi akasema, kwa sauti ya chini, na nasema bila kinyongo kwamba alisema kwa kumhurumia, "Unakumbuka umri wa Anyesi?"

"Nilimzaa mimi, Misi."

Nikasikia kiti kikisogea. Mwalimu Loisi alisema anaomba jambo moja tu, apewe saa moja kila alasiri awafundishe kugawanya wale wote wasiojua, mpaka wajue, na wa mjini wasiojua nao waje, maana wapo. Misi akakubali. Mlango ulipofunguliwa tulijifanya tunatazama uwanja. Mwalimu alitupita bila kutugeukia. "Mmefikisha nusu," alisema. "Kidogo sana. Msishangilie."

Hatukushangilia. Mwenzangu aliyekuwa analia aliendelea kulia, sasa kwa sababu nyingine. Nilikuwa na furaha, na chini yake kulikuwa na aibu, kwa kuwa jiko lilikuwa pale mbele yetu na nyuma yake nyumba ya mwalimu.

Yaliyotokea ndani ya nyumba ile aliniambia Anyesi mwenyewe. Habari ya watatu walioanguka ilikuwa imemfikia tangu asubuhi. Nimesema hakuna siri. Mama yake alipoingia alimkuta amenyoosha gauni la shule, lile la buluu lililoshonwa tangu mwaka uliopita na fundi wa kwenye baraza ya duka la Natwarlal mjini, siku ambazo hakuna aliyekuwa na shaka kwamba ataingia. Alikuwa amelitandaza kitandani, na pasi ilikuwa bado ya moto.

Mama yake akamweleza yote, kwa mpangilio, jinsi alivyozoea kueleza hesabu. Anyesi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo wao wameshinda," akasema.

"Wameshinda."

"Na mimi, mtihani ule ningeufanya, ningeshinda?"

"Ungeshinda. Kwa alama nyingi."

"Sasa mama, wao wanaweza, na mimi naweza. Mbona mimi nabaki nyumbani?"

"Vitanda havitoshi, mwanangu."

"Basi kule kanisani mngebishana juu ya vitanda, si juu yetu."

Anyesi aliniambia kwamba hakuwa amesema vile ili kumuumiza mama yake. Alikuwa anauliza kweli. Lakini mama yake, aliyekuwa na jibu la kila kitu, alikaa kitandani pembeni ya lile gauni akalia, na ilikuwa mara ya kwanza Anyesi kumwona analia tangu mazishi ya baba. Hakumwambia anyamaze. Alikuwa amekasirika mno, akaona ni afadhali walie wote.

Alinisimulia haya Jumamosi iliyofuata, aliponifuata mtoni tulikokuwa tunafua. Mimi nilikuwa na gauni la kuazima lililopasuka kwapani. Yeye alikuja na lake la buluu, amelikunja kwapani mwake. Akaniambia nijaribu. Lilinifika juu ya magoti, kwa maana nilikuwa mrefu kuliko yeye, na akapiga magoti pale mchangani akafumua pindo kwa meno ili liongezeke. Nikamwambia siwezi kulichukua. Akasema hicho si kitu cha kwanza ninachochukua kwake, na kama nataka kulikataa ningelikataa pamoja na kitanda. Kisha akaniomba radhi. Nikaendelea kufua.

Mwaka uliofuata Anyesi alipelekwa hospitali ya misheni kuwa msaidizi wa wauguzi, kuosha vyombo na kushika taa. Mzee Yotham alipokutana na Mwalimu Loisi sokoni alivua kofia, akaanza kusema neno. Mwalimu alimwambia kwamba visima vya upande wake bado viko mbali na shule, na je, baraza limefikia wapi. Hakumpa nafasi ya kumaliza neno lake.

Lakini Jumatatu ile, baada ya Jumamosi ya mtoni, niliingia darasani nimevaa lile gauni. Nilikaa nyuma kabisa. Mwalimu Loisi alikuwa anaandika ubaoni. Akageuka kuhesabu vichwa, jinsi alivyofanya kila siku, na macho yake yakafika kwangu yakasimama. Aliona pindo lililofumuliwa, na alama ya mkunjo wa zamani iliyopita juu ya magoti yangu. Darasa zima lilijua gauni ni la nani. Chaki ilikuwa mkononi mwake, haikusogea.

"Ruthu," akasema. "Njoo ubaoni."

Nikaenda. Akanipa kugawanya kwa tarakimu mbili. Nilikosea, akafuta, akanipa tena. Nilikosea tena. Wenzangu waliruhusiwa kutoka, sisi wawili tukabaki pale, na nilipopata hakunisifu, alinipa lingine. Kesho yake akaniita tena, na kesho kutwa, na kwa miaka yote minne niliyokaa katika shule ile haikupita siku ya hesabu ambayo hakuniita ubaoni, hata nilipokuwa na homa, hata nilipokuwa najua kuliko wote.